Mwaka wa Kugawana Breki

Tulimzika Mama Sulle mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake Mbulu mjini, pembeni ya kipande alichokuwa akipanda viazi. Baada ya mazishi watu walikaa chini ya turubai wakala wali, maharage na nyama, na kama inavyokuwa kwenye misiba ya watu waliokula chumvi nyingi, mazungumzo yakatoka taratibu kwa marehemu yakaenda kwa watu aliowalea. Mpwa wake mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya kanisani, akaanza kusimulia habari yangu na Udahoda. Alimwonyesha kwa kidevu: "Huyu dada mrefu mnayemwona alimhurumia mwenzake. Akafungua breki za baiskeli yake akampa, na mwenzake akashinda, akaenda Arusha." Wamama wakatikisa vichwa kwa huruma. Udahoda, ambaye siku hizi anafuga ng'ombe kwao Hirbadaw na ana mashine ya kusaga, na ambaye nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu kuliko inavyofaa marafiki, aliweka sahani yake chini. "Sikumpa," alisema. "Nilimgawia." Kisha akaichukua sahani akaendelea kula.

Hakuna aliyemuuliza tofauti ni nini. Nami nikarudi Dongobesh kwenye duka langu la pembejeo, na tangu siku hiyo, nikipima mbegu au nikimweleza mteja namna ya kuchanganya dawa ya dumuzi, neno lile hunijia. Nimeona habari yetu imeshaanza kulainika midomoni mwa watu, imekuwa habari ya huruma. Haikuwa ya huruma. Nataka kuisema ilivyokuwa kabla na mimi sijaanza kuiamini ile nyingine.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kunipeleka popote. Kilichonibakia ni miguu. Kocha Tluway alikuwa wakala wa tiketi pale stendi ya Mbulu. Mabasi ya Arusha huondoka alfajiri, kwa hiyo jua likishapanda alikuwa huru, na uhuru wake wote aliutumia kufundisha vijana kukimbia, baadaye kuendesha baiskeli za mashindano. Aliniona nikipanda kilima cha Dongobesh na baiskeli ya kaka yangu, nina ndoo mbili za dengu nyuma, sijashuka kusukuma. Naye Udahoda, Kocha alimwona Basotu siku ya mnada. Kocha alikuwa amepanda bodaboda, na kwenye mteremko baiskeli nyeusi kubwa yenye madumu ya maziwa ikampita, na aliyekuwa juu yake alikuwa binti. Alipenda kuisimulia hiyo. "Dereva wangu alitaka kumfukuza," alikuwa akisema, "nikamwambia mwache, huyo si wa kufukuzwa, huyo ni wa kufuatwa kwao." Akamfuata kweli, akakaa na baba yake nusu siku, akarudi na ruhusa.

Alituweka kwa Mama Sulle, mjane aliyekuwa na chumba cha ziada. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, dirisha dogo lenye wavu, na magunia ya mahindi yaliyopangwa ukutani hadi karibu na bati. Baiskeli zililala humo humo katikati ya vitanda, na mtu akitaka kutoka asubuhi lazima aziruke. Harufu ya chumba kile ninaijua hadi leo: mahindi makavu, mafuta ya mnyororo, na blanketi zisizokauka vizuri, maana Mbulu mwezi wa sita na wa saba ukungu huingia hadi ndani ya viatu. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wake ndipo lilipokuwa jiko. Tulisikia kila kitu: Mama Sulle akisonga ugali, akizungumza na kuku, akimkemea moshi kama mtu. Tulikula makande mchana, jioni ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa maziwa. Udahoda alishangaa jinsi tulivyokula majani mengi. Wiki ya kwanza aliniuliza, kwa Kiswahili chake kifupi, "Nyinyi huku, mboga mnashindana na mbuzi?" Mama Sulle alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa anamwekea kikombe cha maziwa ya mgando hata kama sisi wengine hatukuyapata.

Baiskeli zenyewe zilitoka mbali. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka nchi kwa baiskeli alilala Mbulu, akaelewana na Kocha, na alipofika kwao akatuma mbili zilizotumika, zikaja zimefungwa kwenye maboksi juu ya basi. Huko kwao huziita baiskeli za changarawe. Zina usukani uliokunjwa kama pembe, tairi pana kuliko za baiskeli za lami, na fremu nyepesi unayoweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, lakini kazi yake ni barabara za vumbi na kokoto, yaani barabara zetu. Kocha alizigawa kwa urefu wa mtu. Udahoda, mrefu, akapata kubwa ya kijani. Mimi nikapata ndogo ya kijivu. Kwa mbali zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Tofauti ilikuwa kwenye breki, na ilituchukua muda kuiona.

Zote mbili zilikuwa na breki za diski, sahani nyembamba ya chuma katikati ya gurudumu inayobanwa na pedi mbili. Yangu ilikuwa ya waya mtupu: unavuta mkono wa breki kwenye usukani, waya unavuta kalipa, yaani kibanio cha pedi, kule chini, kalipa inasukuma pedi. Ya Udahoda mkononi ilikuwa ya waya vile vile, lakini waya ukifika kwenye kalipa ulivuta kijiwiko, kimkono kidogo cha chuma, na kijiwiko hicho kilisukuma oili iliyokuwa ndani ya kalipa yenyewe, na oili ndiyo iliyobana pedi. Nusu waya, nusu oili. Hakukuwa na bomba la oili kutoka juu hadi chini kama kwenye pikipiki. Kila kalipa ilibeba oili yake yenyewe tumboni, kidogo, kama jicho linavyobeba machozi yake. Udahoda alisimama kwa vidole viwili. Mimi nilivuta kwa mkono mzima, na pedi zilipolika kidogo ilinibidi nishuke nizikaze, la sivyo mkono wa breki uligusa usukani na baiskeli ikaendelea na safari zake.

Hapo ndipo hofu yangu ilipokaa. Kupanda sikuogopa. Kupanda ni kuumia tu, na kuumia nilikuwa nimezoea. Lakini Kocha alitupeleka kufanyia mazoezi mlima wa Magara, ile barabara inayotoka nyanda za Mbulu ikashuka ukingo wa bonde hadi chini kwenye migomba, kona juu ya kona, ziwa linang'aa kule mbali na wewe huna nafasi ya kulitazama. Udahoda alishuka Magara kama maji. Mimi nilishuka nimeganda, mabega yamefika masikioni, vidole vinauma hadi kwenye viwiko, na nilipofika chini nilimkuta ameshakula ndizi na maganda ameshatupa. Kisha tulipanda, na katika kupanda nilimkaribia, nikamkaribia zaidi, na sikuwahi kumfikia. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Nilichokipoteza kwenye mteremko hakikurudi.

Siku moja ya mvua, mchana, tulikuwa tumejilaza baada ya makande. Kocha alikuja akakaa jikoni na Mama Sulle kunywa chai, na nadhani alidhani tumelala, au alisahau ukuta ulikuwa wa mbao. Alimwambia kwamba baada ya mavuno timu moja ya Arusha ingemtuma mtu kuangalia mabinti, wetu na wa wilaya nyingine, na nafasi ilikuwa moja. Mama Sulle akauliza, "Sasa utamwombea yupi?" Nikasikia Kocha akipuliza chai. "Paskalina ana moyo wa kupanda. Lakini shemeji, anashuka kama anabeba mayai. Mtu anayeogopa kushuka huwezi kumsaidia, hofu haifundishwi kutoka. Ni Udahoda." Mama Sulle hakubisha. Alisema tu, "Basi usimwambie mapema, muache ale vizuri," na nilijua anayetakiwa kula vizuri ni mimi.

Nilibaki nimelala uso ukutani nikihesabu mistari ya magunia. Hasira sikuwa nayo, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nilichosikia ni aibu ya kuelezwa vile vile nilivyo. Nilidhani Udahoda amelala. Nilipogeuka nilikuta macho yake yako wazi, anatazama baiskeli yake iliyoegemea kitanda.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani ameipindua baiskeli yake magurudumu juu, na yangu pia, na ana funguo zile za pembe sita ambazo Kocha aliziita alenki. Alikuwa ameshaifungua kalipa ya mbele ya baiskeli yangu, imening'inia kwenye waya. Nikamuuliza anafanya nini. "Nagawa," alisema. Akafungua kalipa ya mbele ya baiskeli yake, ile ya oili, akaushika mbele ya uso wangu mzigo ule mdogo mweusi. "Hii ina oili yake ndani. Inataka waya tu. Waya unao." Akanieleza alivyokuwa ameitazama siku nyingi: matundu ya skrubu yalikuwa sawa, diski zilikuwa saizi moja, hakuna cha kuzuia. Yangu ya mbele ya waya ingehamia kwake, yake ya mbele ya oili ingehamia kwangu. Kila mtu angekuwa na moja ya oili na moja ya waya. Nikamwambia siitaki. Nilimwambia nimesikia alichosema Kocha, na kama ni huruma akae mbali nami.

Udahoda hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliketi juu ya ndoo akanitazama kama mtu anayetafuta maneno kwenye lugha isiyo ya mama yake, na kweli alikuwa anayatafuta. "Mimi nikikushinda hivi," alisema, "nimeshinda breki. Wewe sijakushinda. Mtu wa Arusha atasema Udahoda, na mimi nitajua hajasema Udahoda, amesema breki. Sasa shika hapa, waya unanichoma." Nikashika. Hadi leo sijasikia sababu safi kuliko hiyo. Wala haikuwa huruma. Ilikuwa kiburi, kiburi kizuri cha mtu aliyezoea kuhesabiwa kwa alichonacho kweli. Kocha alipoziona alisimama, mikono kiunoni. Alituuliza ni nani ametoa wazo, Udahoda akasema yeye, na Kocha akasema, "Haya. Mimi sikuona kitu," akaenda zake stendi.

Ungedhani kuanzia hapo nilishuka kama yeye. Sikushuka. Ile breki mpya niliipenda kama mtu aliyewahi kulala njaa anavyopenda chakula, na kama huyo nilitaka iwe karibu zaidi. Pale kwenye kalipa kuna kifundo cha kuzungusha kwa vidole ili kukaza waya. Nilikikaza. Nilitaka nikigusa tu mkono wa breki, ishike. Kila asubuhi nikakikaza kidogo tena. Jumapili moja katikati ya Magara, kwenye sehemu ndefu yenye jua, gurudumu la mbele likaanza kuwa zito lenyewe. Niliachia mkono, likazidi kuwa zito. Nikasikia harufu ya kuungua, na kwenye kona baiskeli ilisita ghafla ikanitupa begani mwa barabara, kwenye majani. Sikuumia zaidi ya kuchubuka. Diski ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji lililia juu yake. Kocha alikuja na pikipiki, akaitazama, akasema labda breki yenyewe imechoka, tukubali. Nilikuwa tayari kukubali. Udahoda alisema tuipeleke kwao kwanza.

Ilikuwa karibu na Pasaka na alikuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani, basi nikaenda naye. Tulishuka kwenye basi Basotu tukaendesha baiskeli kilomita zilizobaki, ziwa upande mmoja na mashamba ya ngano upande mwingine, barabara nyeupe zilizonyooka mpaka zikapotea. Kwao Hirbadaw nilipokelewa na mama yake, mwanamke mwembamba mwenye bangili za shaba hadi kiwikoni, ambaye Kiswahili chake kilikuwa shikamoo na marahaba na maneno machache ya mnadani. Nilimsalimu, akaitikia, akanishika mkono akautazama kiganja kwa muda mrefu. Tulikaa ndani, kwenye nyumba ya udongo yenye giza tamu la baridi, ndama mmoja amefungwa pembeni, na tukapewa maziwa kwenye vibuyu vyenye harufu ya moshi. Kisha ugali na maziwa zaidi. Mama akawa anazungumza na binti yake kwa Kidatoga huku wananitazama, na mwishowe Udahoda akacheka. Niliuliza wanasema nini. "Mama anauliza kwa nini unakinyonga kibuyu."

Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimekishika kile kibuyu kwa vidole vyote kumi, vimekuwa vyeupe, na hakuna aliyekuwa anataka kuninyang'anya.

Kesho yake, kwenye kivuli cha zizi, tulizipindua baiskeli zote mbili. Kalipa zilikuwa pacha, moja mbele kwangu na moja nyuma kwake, na tulizilinganisha bila haraka. Ni kitu kidogo tulichokiona. Kwake, ukiachia mkono wa breki, kile kijiwiko cha chuma kilirudi nyuma kabisa mpaka kikagonga mwisho wake kwa sauti ndogo, tik. Kwangu hakikugonga. Kilisimama njiani, kimevutwa na waya niliokuwa nimeukaza kila asubuhi. "Hiki hakirudi nyumbani," alisema Udahoda. Akaulegeza waya, taratibu, mpaka kikagonga tik. Tukaenda kwenye barabara ya shamba la ngano, sehemu inayoshuka kuelekea korongoni, nikaijaribu tena na tena hadi ikapata moto, na haikung'ang'ania. Baadaye nilielewa vizuri zaidi: kijiwiko kikirudi mwisho, oili ndani inafunguliwa njia ya kurudi kwenye hifadhi yake, ikipata joto inatanuka bila kusukuma kitu, na pedi zikilika inajaza nafasi yenyewe. Ukikivuta kidogo tu muda wote, njia imefungwa, joto linaongezeka, na breki inaanza kujishika bila wewe kuiambia. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba ile breki ilitaka niiachie yote ili iweze kushika, na kwamba mimi nilikuwa sijawahi kuachia kitu chote katika maisha yangu.

Nimefikiri sana kama mtu anaweza kufundishwa na chuma. Siku hizi wateja wangu wananiambia wanaogopa mvua, wanaogopa bei, wanaogopa kupanda mapema na kupanda kwa kuchelewa, na wengine kwa hofu hiyo humwaga mbolea mpaka mmea unaungua. Siwaambii habari za Magara. Ila mikono yangu ilijifunza jambo pale zizini, kichwa kikafuata baadaye sana. Tuliporudi Mbulu nilianza kushuka nikiwa nimeshika usukani kwa wepesi, ninabana kabla ya kona na kuachia kabisa ndani ya kona, na nikaanza kusikia ile tik ndogo hata pale ambapo upepo ulikuwa unapiga kelele masikioni. Hofu haikuondoka. Ilikaa nyuma, kama abiria.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha. Mavuno yalikuwa yameshapita na haikuwa msimu wa mvua, lakini Magara haiulizi msimu. Yule mtu wa Arusha alikuja, mzee mkimya mwenye kofia ya pamba, na mabinti kutoka Babati na Karatu, na mtihani ulikuwa ule ule wa Jumapili zetu: kutoka Mbulu, kushuka Magara hadi chini, kugeuka, kupanda kurudi. Udahoda alitangulia mapema kama kawaida yake. Mimi nilikuwa wa tatu, kisha wa pili, na barabara ikawa tope jekundu lenye mchanga ndani yake, lile tope linalosaga kila kitu. Nilikuwa nimeshapita kona nyingi nilipomwona mbele. Nilidhani macho yangu yamekosea, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona Udahoda mteremkoni isipokuwa mgongo wake ukipotea. Alikuwa anakwenda polepole, amejibana upande wa ndani, mguu mmoja ameutoa, soli ya kiatu inaburuzwa kwenye tope.

"Ya mbele imekwisha," alisema nilipomfikia, kwa sauti ile ile ambayo mtu anasema chumvi imekwisha. Tope lilikuwa limezila pedi za ile kalipa ya waya, ile iliyokuwa yangu, na mkono wa breki ulikuwa umelala kwenye usukani. Ile ya nyuma ya oili ilikuwa inafanya kazi, lakini nyuma peke yake kwenye utelezi kama ule inaswaga tu tairi pembeni. Kwangu mbele ilikuwa inashika kama vile hakuna mvua. Nilibana, nikaanza kusimama. Akanigeukia, na hapo ndipo nilipoona hasira yake kwa mara ya kwanza. "Ukisimama hapa," alisema, "nilikugawia bure. Pita."

Nikapita. Ningependa kusema nilisita, lakini baiskeli ilikuwa inakwenda na mimi niliiachia iende. Nilishuka kona zilizobaki peke yangu, nikageuka kule chini kwenye migomba, na nilipokuwa naanza kupanda nilikutana naye akimalizia kushuka, kichwa chini, hakunitazama. Kupanda nilikuwa najua. Nilifika Mbulu wa kwanza. Yeye alikaza waya wake kwa vidole kule chini, akawapita wote waliokuwa wamempita isipokuwa mimi. Yule mzee wa Arusha aliandika jina langu. Nilimfuata Kocha nikamwambia kwamba si haki, kwamba wote tunajua kilichotokea na kalipa ile, amweleze mgeni. Kocha alikuwa anafuta matope kwenye miwani. "Nimweleze nini? Kwamba mwenzako alitaka mshindane sawa, na mvua ikaamua? Mashindano ni hivyo, binti. Nenda ukale."

Hiki ndicho wasichokisimulia kwenye misiba: Udahoda alininunia. Hakulia wala hakutukana. Jioni ile alikula ugali wake wote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akanywa maziwa, akalala. Na kwa siku nyingi zilizofuata hakusema nami neno lisilo la lazima. "Sogeza." "Maji yamechemka." Chumba kile kilikuwa kidogo kwa kimya cha namna hiyo. Tuliruka baiskeli asubuhi kama watu wawili wanaovuka mto mmoja bila kujuana. Mama Sulle alijaribu kutupatanisha kwa kutupikia nyama, akaona haisaidii, akasema kwa sauti ya kusikika kupitia ukuta, akiongea na kuku wake: "Waacheni. Kidonda kinachopona hakitekenywi." Mimi nilitaka anisamehe na sikujua kosa la kuomba msamaha ni lipi. Sasa nadhani hakukuwa na kosa. Alikuwa amepoteza kitu alichokitaka sana, na alitaka kukihuzunikia bila mimi kusimama katikati nikidai kupewa pole.

Siku mbili kabla ya safari yangu alikuja uani nilikokuwa nafua, ana zile alenki. "Nilikugawia ili tushindane," alisema. "Tumeshindana. Sasa lete yangu." Nilikausha mikono kwenye kanga, nikaipindua baiskeli ya kijivu, nikaifungua mwenyewe ile kalipa ya mbele, nikaisafisha tope lililobaki kwa mswaki na nikampa. Alinirudishia ya waya, ameshaiwekea pedi mpya. Tulifunga kila mtu yake, kimya, lakini kilikuwa kimya cha kazi, na nilipopoteza skrubu moja kwenye majani ni yeye aliyeiona.

Jumapili hiyo Kocha hakutuita. Tulikwenda wenyewe. Juu ya Magara hewa ilikuwa safi, barabara imekauka na kuwa ngumu. Udahoda, mwenye breki zake mbili za oili, alitoka mbele yangu akapotea kwenye kona ya pili. Mimi nilibaki na waya mtupu mbele na nyuma, kama nilivyoanza mwaka. Nilibana kabla ya kona, nikaachia ndani ya kona. Vidole viliuma, maana breki zile hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Niliogopa. Nikashuka nikiogopa hivyo hivyo, mabega yakiwa mahali pake, na mahali fulani katikati niliinua macho nikaliona ziwa, lote, na ndege wake kama unga uliomwagika ukingoni. Nilikuwa nimeshuka mlima ule mwaka mzima na sikuwa nimewahi kuliona kwa zaidi ya mara moja ya kupepesa jicho.

Chini nilimkuta amekaa kwenye jiwe kando ya mama anayeuza ndizi. Alikuwa ameshakula yake. Nilinunua yangu nikakaa karibu naye, na kwa kuwa sikuwa na la maana zaidi nikamwambia kwamba timu ile, nilivyosikia, itarudi tena mwakani kutafuta mwingine.

"Najua," alisema. "Nilimuuliza yule mzee." Akasimama, akajipangusa nguo, akainyanyua baiskeli yake kwa mkono mmoja akaigeuzia mlimani. "Mwakani nitakuwa na breki mbili. Ujiandae."

Nilijiandaa Arusha mwaka mzima, kwenye barabara nzuri, na baiskeli ya timu iliyokuwa bora kuliko zote nilizowahi kupanda. Alipokuja kushindana nami, kama alivyoahidi, alinipita kwenye mteremko wa kwanza, na alipokuwa sambamba nami alisema, bila kugeuka, "Shikamoo, dada."